Barua ya wazi kuhusu unga ulioganda kwenye nyanya

Kwa Waziri mwenye dhamana ya kilimo, kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kwa Shirika la Viwango

Waheshimiwa,

Shikamooni. Mimi ni mwalimu mstaafu wa kemia, na tangu nistaafu ninalima nyanya hapa Ilula, eka moja kasoro robo, bondeni chini ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Iringa. Anayepita kwa basi anatujua: ndoo na sado zimepangwa kando ya lami, nyanya huku, vitunguu kule, na gari likipunguza mwendo tunakimbilia madirishani. Naandika kuhusu kitu kilichomo kwenye zile ndoo, au niseme kilichogandia juu ya nyanya zenyewe: unga wa dawa ya ukungu.

Alfajiri moja mwezi uliopita nilipita shamba la jirani wakati wanachuma. Nyanya zilikuwa hazijaiva sana, zile za kusafiri, na kila moja ilikuwa na vidoa vyeupe vinavyoelekea unjano, kama mtu kapita juu yake na chekecheke la unga wa muhogo. Mikono ya wachumaji ilikuwa hivyo hivyo hadi kwenye viwiko. Kijana mwenye shamba nilimfundisha kidato cha pili. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza:

"Mwanangu, hii dawa umepiga lini?"

"Jana jioni, mwalimu."

"Na pakiti inasema usubiri siku ngapi?"

Akatabasamu vile alivyokuwa akitabasamu darasani akilijua jibu lakini anaona haya kulisema. "Saba. Ila tajiri anapakia leo, na nyanya isiyo na dawa hapakii. Anasema itaanza kuoza hata Kitonga hajashuka."

Kwa msioijua biashara hii, tajiri ni mnunuzi anayekuja na Fuso na pesa mkononi. Bei anapanga yeye, tenga analichagua yeye, na kwake yale madoa ni ushahidi kwamba mzigo utafika mjini ukiwa mgumu. Sisi tunayaita dawa. Yeye anayaita "gamba", na nyanya isiyo na gamba anaisukuma pembeni kwa mguu.

Mmoja wa wachumaji alikuja na mtoto, umri wake kama miaka minne, kavalishwa sweta linaloburuza. Mtoto akaokota nyanya, akaifuta kifuani, akaing'ata, mbegu zikamchuruzika kidevuni. Hakuna aliyemkataza. Nami nilisimama pale na kemia yangu yote, sikumkataza. Sikuwa na uso wa kumkataza, kwa sababu masika mbili zilizopita, bakajani, ule ugonjwa wa ukungu unaounguza nyanya, ilipoingia kwangu siku ya Ijumaa, nilipiga bomba la dawa Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu nikauza matenga kumi na moja. Pesa ile ililipa ada ya mjukuu. Basi msiichukue barua hii kama ya mtu msafi anayewanyooshea kidole wakulima wenzake.

Unga wenyewe ni mankozebu. Kila duka la pembejeo hapa kwetu wanao, kwa majina ya biashara tofauti tofauti, na ndiyo dawa ya ukungu ambayo mkulima wa nyanya anaishika mara nyingi kuliko jembe. Ndani yake mna manganizi na zinki, vimefungamana na kundi la salfa. Haipenyi ndani ya tunda. Inakaa juu ya ganda kama chokaa ukutani, na kuvu ikitua pale inakufa. Hilo ni jema, na ndiyo maana tunaipenda.

Ubaya unaanza inapovunjika. Juani, ghalani kwenye joto na unyevu, na zaidi ya yote ndani ya sufuria, mankozebu inageuka kuwa kemikali nyingine ambayo wanakemia wanaiita kwa kifupi ETU. Naomba hapo kwenye sufuria tusimame kidogo. Wenzetu wengine nyanya wanaila mbichi. Sisi tunakula kachumbari, ndiyo, lakini nyanya yetu nyingi inakatwakatwa, inakaangwa na kitunguu, inafunikwa mpaka irojeke, ndipo iwe mchuzi. Kila nyumba, mchana na usiku. Nyanya ikiingia sufuriani na gamba lake, upishi wenyewe ndio unaoitengeneza ile kemikali.

Kazi ya ETU mwilini inajulikana vizuri. Shingoni tuna tezi inayoitwa dundumio, inayochukua madini joto kutoka kwenye damu na kuyafunga ndani ya homoni zinazoongoza joto la mwili, mapigo ya moyo, ukuaji wa mifupa na ubongo. Kufunga huko kunahitaji kimeng'enya, na ETU inakizuia kimeng'enya hicho. Homoni ikipungua, ubongo unaituma tezi ifanye kazi zaidi, na tezi ikitumwa muda mrefu inavimba. Panya wa maabara waliolishwa ETU walivimba tezi, na wengine wakapata uvimbe wa saratani humo humo. Mamlaka ya mazingira ya Marekani ilianza kuzichunguza upya dawa za kundi hili mwaka 1977 kwa sababu ya ETU. Mwaka huo mimi nilikuwa bado mwanafunzi, na Ilula hadi leo dawa yenyewe tunaichota kwa kiboksi cha kiberiti.

Sasa jina la ugonjwa wa tezi kuvimba mnalijua. Ni rovu. Nyanda za juu kusini hatuhitaji kuelezwa rovu ni nini. Bibi mzaa mama alikuwa nalo la ukubwa wa embe dodo, akilifunika kwa kilemba. Kijijini kwake kulikuwa na watoto waliozaliwa viziwi na wazito wa akili, watu wakidhani wamelogwa, kumbe mama zao walikosa madini joto wakati wa ujauzito. Serikali hii hii ilipambana na hali hiyo, na ilipambana vizuri. Miaka ya 1980 watu walipewa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika, kisha katikati ya miaka ya 1990 zikaja kanuni za kuweka madini joto kwenye chumvi. Nilifundisha somo hilo kwa fahari. Nawauliza basi: ile tezi tuliyoiokoa kwa chumvi, kwa nini tunairudisha hatarini kwa nyanya? Tena mezani vinakaa pamoja, chumvi ndani ya mchuzi ule ule.

Sisemi kwamba rovu limerudi kwa sababu ya mankozebu. Nasema njia ni ile ile, mlango ni ule ule, na mtu mwenye akili anaufunga kabla ya kumkuta mgeni ndani.

Wapo watu waliopimwa. Mwaka 1997 watafiti walichapisha matokeo ya wapiga bomba wa Mexico, watu wa nyanya kama sisi, bomba mgongoni na bila vifaa vya kujikinga. Homoni ya ubongo inayoisukuma tezi ilikuwa imepanda kwao kuliko kwa wasioguswa na dawa, ingawa homoni ya tezi yenyewe ilikuwa haijashuka. Yaani mwili ulikuwa bado unamudu, lakini kwa kusukumwa. Costa Rica, wilaya ya Matina yenye mashamba makubwa ya ndizi, walipimwa mkojo zaidi ya wajawazito 400, matokeo yakatoka mwaka 2014. ETU yao ilikuwa zaidi ya mara tano ya ile iliyoripotiwa kwa watu wa kawaida mahali pengine, na waliokaa karibu kabisa na migomba walizidi waliokaa mbali. Kule dawa inamwagwa kwa ndege. Hapa inamwagwa na kijana mwenye kandambili.

Nimetaja wajawazito makusudi. Miezi mitatu ya mwanzo mtoto aliye tumboni hana tezi inayofanya kazi. Ubongo wake unajengwa kwa homoni ya mama. Upungufu mdogo ambao mama mwenyewe hausikii, labda uchovu tu na baridi kidogo, unaweza kuwa mkubwa kwa yule wa ndani. Na wachumaji wa nyanya, waheshimiwa, wengi ni wanawake, na wengi wao bado wanazaa.

Kuna jibu nimelisikia sana, hata kwa ofisa mmoja wa umma ambaye ofisi yake siitaji: "Mwalimu, watu wamekula hizo nyanya miaka yote, nani kafa?" Ni jibu la mtu anayefikiria sumu ya panya. Vivuruga homoni haviui hivyo. Mfano wake unafundishwa dunia nzima: kuanzia miaka ya 1940 madaktari wa Marekani waliwapa wajawazito homoni ya kutengenezwa iitwayo DES, wakiamini inazuia mimba kuharibika. Kina mama walikuwa wazima. Mwaka 1971, huko Boston, ikaripotiwa kwamba wasichana wanane, waliokuwa katika miaka yao ya ujana, walipata saratani ya uke ya aina ambayo kwa umri wao ilikuwa nadra mno. Mama zao saba kati ya wanane walikuwa wamemeza DES wakiwa na mimba zao. Aliyekunywa alipona, aliyeumia alikuwa hajazaliwa, na kati ya dozi na ugonjwa pakapita muda wa kutosha kwa kila mtu kusahau. Ukiuliza "nani kafa" mwaka wa kwanza, hutapata jibu.

Wala msiniambie kiwango ni kidogo. Kwa homoni, udogo ndio kazi yake. Homoni zenyewe zinatembea kwenye damu kwa viwango ambavyo mizani yangu ya maabara ya shule isingeviona kabisa. Waulizeni Wazungu wa Ulaya kuhusu bisfenoli A, kivuruga homoni kingine kinachotumika kwenye plastiki ngumu na kwenye rangi ya ndani ya makopo. Mwaka 2023 mamlaka yao ya usalama wa chakula ilikikata kiwango inachokiona salama kwa siku, ikakifanya kidogo mara 20,000 kuliko cha awali. Mara elfu ishirini! Desemba 2024 wakaamua kuipiga marufuku kwenye vitu vinavyogusa chakula. (Kuhusu maharage ya moto na chai ya maziwa tunavyovifunga kwenye mifuko ya plastiki, naomba niwaandikie siku nyingine. Hiyo nayo inataka barua yake.)

Na mankozebu yenyewe? Desemba 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuihuisha ruhusa yake, na miongoni mwa sababu zilizoandikwa ni kwamba inavuruga homoni za binadamu na ni sumu kwa uzazi. Sheria yao lakini haikukataza viwanda kuitengeneza na kuiuza nje. Ufaransa ilijaribu kuziba tundu hilo kwa sheria yake iliyoanza kutumika mwaka 2022. Kwa hiyo dawa ambayo mkulima wa kule haruhusiwi kuinyunyiza shambani kwake, kiwanda cha kule kinaruhusiwa kuipakia melini.

Nawaomba msisome hapo kwamba nataka tuige kila wanachofanya. Ninachotaka tuige ni mahali pamoja tu, nako tayari tunakuiga tukiwauzia wao. Mwaka 2013 Ulaya iliwabana Wakenya kwa maharage mabichi yenye mabaki ya viuatilifu, na kuanzia hapo eneo hili zima tukajifunza kupima kabla ya kusafirisha. Harage la kwenda Ulaya linatembea na karatasi zake. Nyanya ya kwenda sokoni Ilala, Dar es Salaam, inatembea na nini?

Hapa nina swali la kitaalamu, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Maabara ikitaka kupima mabaki ya viuatilifu, kwa kawaida inatumia kipimo kimoja kinachosaka mamia ya kemikali kwa mkupuo. Kipimo hicho hakiioni mankozebu, kwa sababu haiyeyuki kwenye vimiminika vinavyotumika. Ili uione lazima uichemshe na asidi mpaka itoe gesi ya kaboni disulfidi, kisha uipime ile gesi. Na ETU inataka kipimo chake peke yake. Ina maana ripoti inaweza kusema nyanya hizi hazina mabaki, ikawa haijadanganya neno hata moja, na nyanya zenyewe zikawa nyeupe kwa unga mbele ya macho ya aliyeandika. Tangu mwaka 2019 jukumu la usalama wa chakula liko kwa Shirika la Viwango, na sheria ya mwaka 2020 imeiweka Mamlaka ya Viuatilifu pale Arusha kusimamia dawa zenyewe. Nauliza kwa heshima: nyanya za masoko yetu ya ndani zinapimwa kwa kipimo cha asidi? Mara ngapi kwa msimu? Zinapimwa ETU? Na majibu yakitoka, mlaji anayaona wapi?

Najua upande wa pili, nauishi. Mkikurupuka kesho asubuhi mkatangaza marufuku, masika ijayo bakajani itatulaza njaa. Mankozebu inamshambulia kuvu sehemu nyingi kwa wakati mmoja, ndiyo maana miaka yote hii kuvu hajaizoea kama alivyozizoea dawa nyingine. Ni rahisi bei. Dawa za shaba zipo lakini nazo zinajikusanya kwenye udongo, na anayesema tulime bila dawa yoyote hajawahi kuona shamba la nyanya lilivyo siku ya nne ya ukungu: meusi kutoka chini kwenda juu, kama limepitiwa na moto, na harufu yake unaisikia hata kabla hujafika.

Lakini yapo mambo yanayopunguza idadi ya mabomba. Mwaka jana nilisimika miti nusu ya shamba, nikakata majani ya chini, nikaacha kumwagilia kwa kurusha maji juu na kutandaza mpira wa matone. Nusu ile nilipiga dawa mara sita. Nusu nyingine, mara kumi na nne. Hili ni shamba la mwalimu mmoja, si utafiti. Mbegu chotara zinazostahimili bakajani zipo, ila pakiti moja ndogo inamshinda kijana anayeanza na mtaji wa kuuza kuku wawili. Kupanda nyanya mahali palipotoka viazi mviringo, ugonjwa ukiwa ule ule, bado tunafanya kwa sababu afisa ugani mmoja ana vijiji vingi kuliko matairi ya pikipiki yake.

Ndiyo maana siombi marufuku ya kesho. Naomba tarehe. Tangazeni msimu ambao mankozebu itakuwa ya mwisho kuuzwa kwa mazao yanayoliwa na ganda lake, na kati ya leo na tarehe hiyo ruzuku mnayoijua sana kwenye mbolea iguse mbegu stahimilivu na mipira ya matone. Na kabla ya hiyo tarehe, zile siku saba. Ziandikwe mbele ya pakiti, kwa Kiswahili, kwa tarakimu kubwa kuliko jina la dawa, na pembeni picha ya tenga lililopigwa msalaba. Sasa hivi kwenye pakiti niliyonayo hapa mezani zimeandikwa nyuma, kwenye mstari wa kumi na saba. Nimeuhesabu kwa miwani.

Halafu mshughulikieni tajiri. Mnaweza kumkagua kijana wa Ilula mpaka mchoke, lakini anayetaka gamba ni anayelipa. Mzigo ukifika sokoni mjini ukiwa na unga unaoonekana kwa macho, urudishwe au umwagwe kwa hasara yake. Mkifanya hivyo kwa Fuso tatu tu wiki moja, simu zitafika huku kabla ya jua kuzama, na Ijumaa ile ile tutaambiwa nyanya nyeupe hazitakiwi. Biashara hii inajifunza haraka sana ikiguswa mfukoni.

Wanaoisoma barua hii wakiwa jikoni, kwa kuwa mankozebu inakaa juu ya ganda, maji yanaondoa sehemu yake kubwa. Miminieni maji huku mkisugua kwa kiganja, kabla ya kukata na si baada, na maji hayo myamwage. Ukiweza kumenya, menya. Lakini nawaomba waheshimiwa msilichukue hilo mkalifanya kampeni na kuona kazi imekwisha, maana mama anayenunua nyanya za fungu na ndoo moja ya maji kwa siku nzima hatazisugua moja moja, na yule mtoto wa sweta hakuwa na ndoo kabisa.

Nimechuma kilo mbili kutoka kwenye mzigo wa alfajiri ile, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Sikuziosha. Nimezifunga kwenye karatasi, nimeandika tarehe ya kupiga dawa na tarehe ya kuchuma, nazo ziko kwenye friza ya jirani anayeuza barafu. Umeme ukikatika sana zitaharibika. Nijulisheni nizipeleke maabara ipi, kwa gharama gani, na kama wanacho hicho kipimo cha asidi. Nauli ya kwenda Arusha ninayo.

Mwalimu mstaafu na mkulima wa nyanya,
Ilula, Kilolo, Iringa